Isha ya Kahororo si Isha ya Kariakoo

Muulize Mwislamu yeyote nchini Isha ni saa ngapi, na mara nyingi jibu litamtoka kabla hajafikiri: saa mbili. Kwa mtu wa Kariakoo jibu hilo halina ubaya mkubwa, maana Dar es Salaam saa mbili kamili usiku wakati wa Isha huwa umekwisha kuingia karibu mwaka mzima, na ukichelewa ni kwa dakika moja au mbili tu. Kwa mtu wa Kahororo, katika Manispaa ya Bukoba, au wa Kamachumu kule Muleba, jibu hilohilo linaweza kuitoa sala yake nje ya wakati. Mwezi Februari saa mbili kamili inapogonga, anga la magharibi huko Kagera bado lina mabaki ya mwanga wa jua, na kwa mujibu wa fiqhi inayofuatwa na Waislamu wengi wa mkoa huo, hiyo ingali Magharibi. Ninachodai ni kwamba wakati wa Isha ni alama ya mbinguni inayohukumiwa pale msalaji alipo. Saa na kalenda ni mashahidi wa alama hiyo, na shahidi aliyelitazama anga la Dar es Salaam hana la kusema juu ya anga la Bukoba.

Tuanze na asili. Qurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 103, imeifanya sala kuwa faradhi yenye nyakati zake, na katika Sura Al-Israa aya ya 78 imeamrisha sala tangu jua linapopinduka hadi giza la usiku. Saa haikutajwa, wala dakika. Ufafanuzi ulikuja kwa vitendo. Katika Hadithi ya Ibn Abbas waliyoipokea Abu Daudi na Tirmidhi, Malaika Jibrili alimsalisha Mtume Isha siku ya kwanza shafaki, yaani mwanga unaobaki angani baada ya jua kutua, ilipotoweka, na siku ya pili ilipopita theluthi ya usiku, kisha akambainishia kuwa wakati uko baina ya hizo mbili. Hadithi ya Abdullah bin Amr katika Sahihi Muslim inauweka mpaka uleule kwa kuanzia upande wa pili: Magharibi inaendelea kuwa katika wakati wake maadamu shafaki haijaondoka. Tukio ni moja, na hukumu zake ni mbili. Anayekosea kulipima hukosea sala mbili, si moja. Walichobishania wanazuoni ni shafaki ipi. Imamu Shafi, Malik na Ahmad walisema ni wekundu unaobaki baada ya jua kutua. Abu Hanifa alisema ni weupe unaoufuata wekundu huo, ingawa wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, walikwenda na kauli ya wekundu. Waislamu wengi wa Kagera ni Mashafi, na kitabu kidogo ambacho watoto wa madrasa za Afrika Mashariki wamekisoma kizazi baada ya kizazi, Safinatun Najaa, kimelimaliza jambo kwa mistari michache: shafaki ni tatu, nyekundu, ya njano na nyeupe, nyekundu ni ya Magharibi, mbili zilizobaki ni za Isha, na inapendekezwa Isha icheleweshwe mpaka hizo mbili nazo ziondoke. Mtoto anaihifadhi habari hiyo akiwa na miaka kumi, halafu anakua na kuambiwa Isha ni saa mbili. (Ndugu zetu Ithnaasheri, ambao nao wako Bukoba siku nyingi, wana msingi mwingine: kwao Isha huingia mara baada ya muda wa kusali Magharibi, na huwa wanazisali pamoja. Hoja hii haiwahusu.)

Sasa tuiangalie ramani. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, mbali kabisa na mipaka yetu. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu, Bukoba kwenye nyuzi 31.8 hivi. Kwa kuwa dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika nne, jua la Dar es Salaam liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 23, na la Bukoba kwa dakika 53. Mtu wa haraka atasema basi tuongeze nusu saa kwenye kalenda ya Dar es Salaam na mambo yaishe. Hayaishi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta na Bukoba ni nyuzi moja na theluthi tu, kwa hiyo urefu wa mchana wa miji hiyo miwili haubadiliki kwa kiasi kimoja. Mwishoni mwa Desemba Bukoba hutanguliwa machweo kwa dakika 20, katikati ya Februari kwa dakika 25, na mwishoni mwa Juni kwa karibu dakika 40. Hakuna namba moja ya kuongeza.

Bukoba kwenyewe nako jua halitui saa ileile mwaka mzima, ingawa mchana wake hauzidi wala kupungua zaidi ya dakika kumi. Kinachohama ni adhuhuri, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Mwanzoni mwa Novemba jua hutua Bukoba kama saa 12:41 jioni. Katikati ya Februari hutua saa 1:12 usiku. Toka hapo mpaka jua lishuke nyuzi 18 chini ya upeo, kiasi ambacho wanafalaki wengi wamekifanya kuwa mwisho wa mwanga wote wa machweo, hupita dakika 69 mwezi Machi na Septemba, na dakika 75 mwezi Juni na Desemba. Kwa hiyo Isha ya mwanzo wa Novemba huingia kama saa 1:52, na ya katikati ya Februari saa 2:23. Msikiti unaokimu saa mbili kamili bila kujali mwezi utakuwa salama kuanzia katikati ya Septemba hadi mwishoni mwa Novemba. Miezi mingine yote, kwa kipimo hicho, utakuwa umetangulia. Na hata tukichukua kipimo chepesi kuliko vyote vinavyotumika sana, cha nyuzi 15, Isha ya katikati ya Februari haiingii Bukoba kabla ya saa 2:10. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, yaani Isha na tarawehe za mwezi mtukufu zitaangukia kwenye siku ambazo machweo ya Bukoba yamechelewa kuliko siku zote za mwaka.

Anayedhani kuwa saa ya ukutani ni wakati wenyewe na aende Rusumo, wilayani Ngara. Mto Kagera unatenganisha nchi mbili zilizopishana saa nzima: Tanzania inaposema saa mbili usiku, Rwanda inasema saa moja. Giza linaloshuka kwenye daraja lile ni moja, shafaki ni moja, na hakuna fakihi atakayesema kuwa Mwislamu wa ng'ambo amewahi kwa saa nzima. Waswahili wa zamani na Waarabu wa Oman hawakuwa na tatizo hili, kwa sababu saa yao ilirekebishwa kila siku jua linapotua, na hesabu ikaanza hapo. Tukiirudisha saa hiyo Bukoba, Isha itaingia kati ya saa 1:09 na saa 1:15, basi, Januari hadi Desemba. Tofauti ya dakika sita. Nusu saa yote inayotuhangaisha ni ya saa tuliyoazima kwa Mogadishu ili treni, benki na redio ziende pamoja. Ni saa nzuri kwa kazi hizo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba Isha ina wakati mpana, na dini haikuja kutubana kwa dakika. Jabir ameeleza, katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kuwa Mtume alikuwa mara akiiharakisha Isha na mara akiichelewesha: akiona watu wamekusanyika huharakisha, wakikawia hukawia. Bibi Aisha naye amesimulia usiku ambao Mtume aliichelewesha mpaka sehemu kubwa ya usiku ikapita, akaeleza kuwa huo ndio wakati wake lau si kuuonea umma wake uzito. Yote hayo ni kweli, na ukiyasoma vizuri yanapingana na aliyeyaleta. Upana wote unaotajwa uko upande wa kuchelewa. Kuharakisha kwa Mtume kulikuwa ndani ya wakati, baada ya shafaki. Hakuna riwaya inayoonyesha kuwa aliitanguliza Isha kabla ya alama yake akiwa mjini pasipo udhuru kwa sababu tu watu wamekwisha kufika. Sheria ilipotaka kumruhusu mtu aitangulize, iliweka sababu maalumu: safari, na kwa Mashafi mvua, tena kwa masharti yake, mojawapo likiwa ni kusali kwa jamaa msikitini. Mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka una nafasi nyingi za kuitumia ruhusa hiyo, na waitumie. Lakini kama kuitanguliza Isha kulihitaji ruhusa siku ya mvua, basi siku ya anga jeupe haiwezekani. Mashafi wamekwenda mbali zaidi: mwenye kusali bila kujua wala kujitahidi kujua kuwa wakati umeingia, sala yake haisihi hata ikitokea bahati ikawa ndani ya wakati. Mazoea ya saa mbili hayahesabiki kuwa juhudi.

Wengine watasema kuwa hesabu hizi za nyuzi na longitudo ni bidaa, na watakumbusha Hadithi inayoueleza umma kuwa haukuwa wa kuandika wala kuhesabu. Hadithi hiyo inazungumzia kuingia kwa mwezi. Al-Qarafi, fakihi wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 1285, alilieleza jambo hili katika kitabu chake Al-Furuq kwa namna ambayo sijaona aliyemshinda: kwa mwezi, sheria imeifungamanisha saumu na kuonekana kwake; kwa sala, sheria imeufanya wakati wenyewe kuwa sababu, kwa hiyo njia yoyote inayokujulisha kuwa wakati umeingia inatosha. Na umma uliishi hivyo. Misikiti mikubwa ilikuwa na mtu wa kazi hiyo, muwakiti, na aliyeshika kazi hiyo katika Msikiti wa Umawi wa Damascus katika karne ya 14, Ibn al-Shatir, anatajwa mpaka leo miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa dunia. Tena anayepinga hesabu asisahau kuwa saa mbili nayo ni hesabu, ila ni hesabu ya mji mwingine.

Je, si bora mtu atoke nje akatazame kwa macho? Ndiyo asili, na asili haifutwi. Lakini mahali penyewe pana shida yake. Ziwa Victoria liko mashariki mwa Bukoba, kwa hiyo upeo ulio wazi ni ule wa Alfajiri. Magharibi ardhi inapanda kuwa vilima na miinuko. Aliyeko bondeni, katikati ya migomba, atauona wekundu ukipotea nyuma ya kilima mapema kuliko aliyesimama juu yake, na kilima hakiwi mwisho wa shafaki kama ambavyo hakiwi mwisho wa jua. Kwa machweo Mtume alitupa alama ya ziada, kuwa usiku huja kutoka upande wa mashariki, na watu wa kando ya ziwa wamebahatika kuiona: utando wa kijivu cha giza unainuka kutoka majini huku juu yake pakiwa bado na rangi ya waridi. Kwa Isha hakuna alama ya namna hiyo ya kutazama upande wa pili. Ongeza mawingu ya masika, taa za mji, na mnamo Novemba zile taa kali na mabati ya kutegea senene zinazoifanya mbingu ya Bukoba ing'ae mpaka usiku wa manane, utaona kwa nini jicho peke yake litashindwa siku nyingi. Hesabu ndiyo inayoshika nafasi siku ambazo jicho limezuiliwa, na jicho ndilo linaloijaribu hesabu siku za kiangazi, Juni na Julai, anga linapotulia.

Hapo mwenye simu ataingilia: programu zenyewe hazipatani, moja inasema 2:10, nyingine 2:19, nyingine 2:23, ya nne 2:42, nani wa kuaminiwa? Zinapatana vizuri sana kuhusu jua. Zinapopishana ni kwenye kipimo kilichochaguliwa ndani yake. Ya kwanza ni ya nyuzi 15 za Waislamu wa Amerika ya Kaskazini, ya pili ni ya nyuzi 17 za Rabita ya Makka, ya tatu ni ya nyuzi 18 za Karachi, na ya nne imetumia kalenda ya Ummul Qura ya Saudia, ambayo haitazami nyuzi yoyote kwa Isha bali huongeza dakika 90 baada ya Magharibi, na dakika 120 katika Ramadhani. Kwa Mshafi wa Bukoba uamuzi si mgumu. Kuchelewesha Isha kwa dakika chache hakumpotezei kitu, kuitanguliza kunaweza kumpotezea sala, na Safina imekwisha kumpendekezea asubiri mpaka weupe nao uondoke. Ashike nyuzi 18. Dakika 90 za Makka hazitaibatilisha Isha yake, lakini zitamdanganya kwenye Magharibi: aliyechelewa kazini akasali Magharibi dakika 80 baada ya jua kutua atadhani ameidiriki, kumbe Bukoba wakati wake umekwisha kutoka.

Limebaki suala la umoja. Inasemwa kuwa nchi moja ikiwa na kalenda moja ya sala ni heshima kwa Waislamu, na kuwa kila wilaya ikitoa jedwali lake tutaongeza mgawanyiko juu ya ule tulionao kwenye mwezi. Huku ni kuchanganya mambo mawili. Juu ya mwezi wanazuoni wamehitilafiana kwa kweli, kuna anayefuata mwandamo wa nchi yake na anayefuata wa popote ulipoonekana, na kila upande una dalili. Juu ya jua hawajahitilafiana kamwe. Hakuna aliyewahi kusema kuwa machweo ya Dar es Salaam yanamfungulia mtu wa Bukoba. Na Waislamu wa Kagera wanalijua hilo kwa vitendo: Ramadhani, adhana ya Magharibi ikisikika redioni kutoka Dar es Salaam, mfungaji wa Kahororo hagusi tende wala uji, kwa kuwa jua bado analiona. Atangoja dakika 25 bila kunung'unika. Tahadhari hiyo anayoiweka kwa ajili ya futari, kwa nini isiwekwe saa moja na kitu baadaye kwa ajili ya sala? Jua linaonekana na shafaki haionekani vizuri, hiyo ndiyo tofauti pekee, nayo ni tofauti ya macho, si ya hukumu. Waislamu wa Afrika Mashariki walioko London wana udhuru ambao sisi hatuna. Huko, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai, jua halishuki nyuzi 18 usiku kucha, na wanazuoni wamelazimika kukisia, wakiegemea Hadithi ya siku za Dajjali ambamo masahaba waliambiwa wakadirie nyakati za sala. Sisi tulio karibu na Ikweta alama inatujia kila usiku, kamili.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kamati za misikiti ya Bukoba na Muleba. Ule ubao wa saa tano zilizochorwa, unaotundikwa karibu na mihrabu, mshale wake wa Isha na usogezwe angalau kila nusu ya mwezi. Kalenda itakayochapwa iandikwe waziwazi ni ya mji gani na ya nyuzi ngapi, na ile isiyosema hayo isitundikwe. Jedwali moja linatosha wilaya zote mbili, kwani Muleba na mji wa Bukoba zinapishana kwa chini ya dakika moja. Ngara ndiyo ya kuongezewa dakika nne au tano. Na asiye na jedwali ahesabu dakika 75 tangu jua kutua: kwa kipimo cha nyuzi 18, hakuna usiku hata mmoja katika mwaka ambao Isha ya Kahororo itakuwa haijaingia.